Uzito wa Mbwa Huamuliwa Bakulini

Mwaka 2002 jarida la madaktari wa mifugo wa Marekani lilitoa matokeo ya utafiti wa Purina uliochukua miaka 14. Labrador 48 waliwekwa wawili wawili, ndugu wa uzao mmoja. Chakula kilikuwa kilekile. Mmoja wa kila jozi alipewa asilimia 25 pungufu ya mwenzake. Nusu ya walioshiba walikuwa wameshakufa kufikia miaka 11.2. Kwa wenzao, umri huo ulisogea hadi 13, na tiba ya viungo vilivyosagika ikachelewa kwa miaka mitatu hivi. Aliyegharamia, Purina, ni muuza chakula cha mbwa, ambaye faida yake ni bakuli kujaa. Hilo linanizidishia imani.

Kwa Buxton, mtaa wa Mombasa, somo hili lina uzito wa pekee. Nyumba za zamani zimepisha maghorofa, na mbwa wa ghorofani hana ua. Mchana lami huunguza nyayo, naye hupoza mwili hasa kwa kuhema. Majirani wengi ni Waislamu, na ni haki yao mate ya mbwa yasiguse kanzu ya swala. Kwa matembezi zinabaki alfajiri na jioni, tena kwa kamba. Mbio hazitampunguza, kitakachompunguza ni kipimo cha chakula.

Tatizo ni makombo. Mbwa wa kilo 10 aliyetulia huhitaji kalori kama 400 kwa siku. Mahamri mawili ya kukaangwa humaliza sehemu kubwa ya hizo. Biriani ni hatari zaidi, kwa mafuta yake na vitunguu: hata vikikaangwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka kwa ncha kali.

Ili kujua kama mbwa wako amenenepa, kunja ngumi, upapase vifundo vya vidole. Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Zikiwa kama mgongo wa mkono ulionyooshwa, yuko sawa. Zikiwa kama kiganja, amenenepa. Mtazame pia kutoka juu: kiuno kionekane.

Akiwa mnene, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, maana tezi ya shingoni (thyroid) ikidorora pia hunenepesha. Kisha apungue asilimia 1 hadi 2 kwa wiki: kwa mbwa wa kilo 20, gramu 200 hadi 400. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori zake.

Wekeni kikombe kimoja cha kupimia, na mtu mmoja wa kulisha. Watoto na wageni waambieni mapema: mbwa huyu halishwi mezani.