Ua wa Maneno: Jinsi Waandishi wa Kiingereza Wasemavyo Jambo Wasilo na Hakika Nalo

Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili afunguapo kitabu cha Kiingereza, kiwe cha hadithi au cha elimu, aghalabu hukutana na jambo moja ambalo walimu wake hawakumtayarishia. Mwandishi aonaye kitu hasemi kwamba kitu hicho kipo. Husema kwamba chaelekea kuwapo. Hasemi mvua imechelewa. Husema "the rains seem to be late", hata kama amesimama shambani na vumbi limemfika magotini. Hapo msomaji huyo huwa na njia mbili za kukosea. Aweza kuamua kwamba mwandishi ni mwoga, hajui asemalo. Ama aweza kulipuuza neno hilo dogo na kuichukua sentensi nzima kuwa ni habari iliyokwisha thibitishwa. Makosa yote mawili huonekana katika insha za wanafunzi na katika tafsiri, na la pili ndilo lenye madhara zaidi.

Ichukuliwe sentensi ambayo afisa yeyote wa kilimo angeweza kuiandika: "The new seed may do better in dry areas." Mfasiri aliye na haraka huandika kwamba mbegu mpya hustawi vizuri zaidi penye ukame. Kiambishi hu- kimekwisha kutoa ahadi ambayo afisa hakuitoa. Mkulima aliyeuza mbuzi wake ili ainunue mbegu hiyo hana njia ya kujua kwamba katika maandishi ya awali palikuwa na neno la herufi tatu, nalo lilikuwa likisema kwamba jambo lenyewe bado linachunguzwa. Suala hili, basi, si la urembo wa mtindo tu.

Desturi hiyo ya Kiingereza ina historia. Mwaka 1661, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa kwa Royal Society mjini London, Robert Boyle alichapisha mkusanyiko wa insha ulioitwa Certain Physiological Essays. Katika insha ya utangulizi alijitetea waziwazi kuhusu wingi wa maneno ya shaka katika maandishi yake, yale ya jamii ya "perhaps". Utetezi wake wafaa kuangaliwa kwa makini. Boyle hakusema kwamba ana shaka na kila kitu. Alitenganisha mambo mawili: yale yaliyotendeka na kushuhudiwa, ambayo aliyasema bila kusita, na zile sababu ambazo akili yake ilizikisia baada ya kushuhudia, ambazo alitaka ziachwe wazi ili ziweze kubadilishwa pindi ukweli mwingine ukijitokeza. Kwa hiyo, tangu mwanzo, neno la shaka katika maandishi ya namna hii lilikuwa ni mpaka. Lilimwonyesha msomaji mahali ambapo ushuhuda waishia na ukisiaji waanzia. Zaidi ya karne tatu baadaye, mwaka 1972, George Lakoff, mwanaisimu wa Marekani, aliyapa maneno kama haya jina ambalo maana yake ya kawaida ni ua, yaani ule uzio wa miti izungukayo shamba. Jina limeshika, ingawa picha yake yaweza kupotosha: ua huzuia watu wasiingie, ilhali Boyle alitaka wasomaji waingie na kupinga.

Jambo linalowatatiza wageni zaidi ni mahali ambapo ua huu hupandwa. Laiti waandishi wa Kiingereza wangetumia "perhaps" peke yake, pasingekuwa na taabu, maana kielezi hicho husimama wazi na mwanafunzi hukifasiri kwa "labda" akapita. Lakini mara nyingi zaidi shaka huingizwa ndani ya kitenzi chenyewe, katika "seem", "appear", "tend", "may" na "might", vitenzi vifupi visivyoshtua jicho. Mwandishi hatangazi kwamba ana shaka. Sarufi yamfanyia kazi hiyo kimya kimya.

Elimu ya pwani ya Afrika Mashariki ina desturi nyingine. Mwanachuoni aliyeulizwa suala la sheria au la tafsiri hueleza kauli zilizopo, akaichagua moja kwa nguvu, kisha akamalizia kwa "Wallahu aalam", Mungu ndiye ajuaye zaidi. Shaka imewekwa mara moja, mwishoni, nje ya sentensi zote, nayo hurudi nyuma na kuzifunika zote kwa pamoja. Masimulizi ya kale ya miji ya pwani nayo huweka tahadhari mwanzoni: yasemekana, wazee walisema. Baada ya hapo habari husimuliwa moja kwa moja pasi na kusitasita. Aliyezoea mpangilio huu hutafuta shaka ya Mwingereza mlangoni au kwenye kizingiti cha nyuma, wala haimpitikii kwamba imetiwa katika kila tofali.

Mfano mmoja katika riwaya waonyesha jinsi kitenzi kama hicho kiwezavyo kubeba mzigo mkubwa. Sentensi ya kwanza ya Emma, riwaya ya Jane Austen iliyotoka Desemba 1815, yamsifu msichana kwa uzuri, akili na mali, kisha yategemeza neema zake zote juu ya kitenzi kimoja, "seemed". Kwa msomaji asiye na haraka, riwaya nzima imo humo. Emma ni mtu akoseaye kusoma mioyo ya wenzake na wake mwenyewe, naye aonekanavyo sivyo alivyo. Je, mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Akiandika "alionekana", msomaji aweza kuelewa kwamba watu walimwona hivyo na walikuwa sahihi, kwa kuwa -onekana mara nyingi huchukuliwa kuwa ni ushahidi wa macho. Akiandika "ungedhani", amefichua siri mapema mno, maana "ungedhani" karibu kila mara hufuatwa na "kumbe". "Alielekea kuwa" labda ndiyo njia ya katikati, japo ina ubaridi wa taarifa ya ofisini. Hakuna suluhisho kamili hapa, na mfasiri ambaye hakuhisi ugumu huo hajaisoma sentensi.

Kwa upande wa sayansi, Charles Darwin ni mwalimu mzuri. On the Origin of Species, kilichotoka tarehe 24 Novemba 1859, ni kitabu cha mtu aliyekuwa na hakika na nadharia yake lakini hakutaka kuonekana akimlazimisha msomaji. Kina sura nzima ya matatizo yanayoikabili nadharia hiyo. Kuhusu asili ya mwanadamu alijizuia karibu kabisa: alitia sentensi moja fupi karibu na mwisho wa kitabu, ikisema tu kwamba jambo hilo litapata mwanga, bila kusema ni nani atakayeutoa wala mwanga wenyewe ni wa kiasi gani. Baada ya kuchapisha The Descent of Man mwaka 1871, alirudi katika sentensi ile ile na, katika toleo la sita la mwaka 1872, akaongeza neno moja la kiasi: mwanga ukawa mwingi. Neno moja tu, lakini lapima umbali ambao Darwin alikuwa amekwenda kwa miaka 13. Mhakiki anayetafuta fikra za Darwin katika hoja zake kubwa pekee, akayaruka maneno kama hayo, amekosa ushahidi ulio wazi kuliko wote.

Tarehe 25 Aprili 1953 James Watson na Francis Crick, Mmarekani na Mwingereza, walichapisha katika jarida la Nature makala mafupi kuhusu umbo la DNA. Karibu na mwisho wametia sentensi isiyo na istilahi ngumu, sentensi ambayo ingeweza kusemwa mezani wakati wa chai, wakidokeza kwamba umbo hilo laonyesha jinsi chembe za urithi ziwezavyo kunakiliwa. Sentensi hiyo imejengwa kwa kukanusha: hawasemi kwamba wameliona jambo hilo, bali kwamba halikuwaponyoka. Wengi waliosoma baadaye wameiona kuwa ni madaha ya Kiingereza, majivuno yaliyovishwa kanzu ya unyenyekevu. Crick mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 1988, alieleza kwamba ilikuwa mapatano. Yeye alitaka kujadili maana ya umbo hilo kwa urithi. Watson alikuwa akishikwa na hofu mara kwa mara kwamba huenda umbo lenyewe ni kosa. Hivyo sentensi moja ilibeba hakika ya mmoja na wasiwasi wa mwingine.

Maelezo hayo yafichua udhaifu wa namna mada hii inavyofundishwa. Vitabu vingi vya sarufi humwambia mwanafunzi kwamba "may" huonyesha uwezekano, basi. Lakini ua wa maneno hutumika kwa angalau haja mbili zisizofanana: kupima elimu, na kuchunga heshima. Greg Myers, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu maandishi ya wanabiolojia, alionyesha kwamba mwanasayansi mwenye jambo jipya huwa anaingia katika uwanja wa wenzake, na maneno ya tahadhari ni adabu ya kubisha hodi. Anayebisha hodi hana shaka kwamba nyumba ipo. Kwa hiyo msomaji hawezi kujua kiasi cha shaka ya mwandishi kwa kuhesabu maneno hayo. Hana budi kuuliza kila mara neno lililopo lamchunga nani.

George Orwell, ambaye wasomaji wa Kiswahili wamjua kwa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, aliligusa jambo hili kwa hasira. Katika insha yake ya mwaka 1946, Politics and the English Language, alizikejeli kauli za kukanusha mara mbili, zile za "not un-", na akalalamika kwamba mtu aliyezoea maneno ya kuazima huona ni rahisi kuandika kifungu kirefu cha tahadhari kuliko kusema tu kwamba anafikiri hivi. Mara nyingi insha hiyo husomwa kana kwamba yaharamisha tahadhari yote. Huko ni kuisoma vibaya. Orwell hakukataa "I think"; alilipendelea. Kauli hiyo yamweka mwenye shaka hadharani: mimi ndiye nifikiriaye, nami nawajibika. Alichokichukia ni shaka isiyo na mwenyewe, ile isemayo "it would seem" huku mwonaji amejificha. Hapo lawama yake ni ya haki, na yawafaa hata waandishi wa taarifa za Kiswahili wanaopenda "inaonekana kwamba" ambapo aliyeona ni wao wenyewe.

Lakini Orwell hakuliona jambo moja, pengine kwa sababu aliandika katika lugha yake ya kuzaliwa. Tahadhari haihami kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa kufuata umbo lake. Mwanafunzi hufasiri "I would say" kwa "ningesema". Katika Kiswahili -nge- hudai sharti, na msikilizaji hubaki akisubiri: ungesema, kama nini? Mzee wa Lamu aliyeambiwa "ningesema kwamba nyumba hii ni ya zamani" ana haki ya kuuliza ni nini kinachomzuia msemaji asiseme. Adabu ya Kiingereza imegeuka kuwa fumbo.

Kuhusu "may", wasahihishaji wakali hukataza "daktari anaweza kuwa amefika", wakitaka "huenda daktari amefika", kwa hoja kwamba -weza ni uwezo, si uwezekano. Kwa sasa "huenda" ndiyo fasaha zaidi, na wako sahihi kuipendelea. Hata hivyo yafaa wakumbuke kwamba "may" yenyewe katika Kiingereza cha kale ilimaanisha kuwa na nguvu au uwezo, ikasogea polepole hadi kwenye shaka. Kitenzi -weza chaelekea kusafiri njia ile ile, na huenda kisiweze kurudishwa.

Tena Kiswahili si maskini wa vifaa hivi. "Yamkini" ina uzito wa hoja. "Asaa" ina shaka iliyochanganyika na tumaini, kitu ambacho "perhaps" haina kabisa. "Nadhani" ina mwenyewe, kama Orwell alivyotaka. "Labda" ina kisa cha kuchekesha: asili yake ni maneno ya Kiarabu yenye maana ya kutokuwa na budi, yale yale yaliyomo katika "hapana budi", hivyo mzizi mmoja umezaa hakika upande mmoja na shaka upande wa pili. Kinachokosekana ni uchunguzi wa lini kila neno hutumika na kwa nani. Kamusi huyaweka yote katika mstari mmoja kana kwamba ni pacha.

Mfasiri wa ile sentensi ya mbegu angeweza kuandika: "Huenda mbegu mpya ikafanya vizuri zaidi penye ukame." Ni sahihi, lakini mkulima aweza kuichukua "huenda" hiyo kuwa ni adabu ya afisa, kwa kuwa amezoea maafisa wenye adabu. Ikiandikwa "Mbegu mpya bado inajaribiwa, yaelekea kufaa penye ukame", mfasiri atakuwa ameiondoa shaka ndani ya kitenzi na kuiweka mbele, mahali ambapo msomaji wa Kiswahili huitafuta. Sentensi imekuwa ndefu kidogo kuliko ya Kiingereza, na mhariri wa gazeti atanung'unika.