Theluji Inayoanguka Juu ya Goma

Baada ya usiku wa mvua, kilele cha mlima Karisimbi huweza kuonekana cheupe kutoka Goma. Jua likipanda, weupe umekwisha. Mtoto akiuliza kwa nini haukai, mpe hesabu. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, Karisimbi mita 4,507, na hewa hupoa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000. Mjini kukiwa digrii 20, kileleni ni 2 tu: pua na mdomo na sifuri. Kilele cha Margherita, kule Ruwenzori upande wa Beni, kina mita 5,109. Hesabu ileile inavuka sifuri, na barafu hudumu. Lakini hudumu kwa shida: kilomita za mraba zipatazo 6.5 za barafu ya Ruwenzori mwaka 1906 hazikufika hata 1 mwaka 2003.

Wingu la radi, lenyewe, hupanda kupita kilomita 10. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mvua kali inayopiga mabati yetu ilikuwa theluji au barafu huko juu, ikayeyuka njiani.

Chembe ya theluji inakuwaje nyota ya pembe sita? Molekuli za maji zikiganda hushikana kwa pete za pembe sita, na umbo hilo huanzia hapo. Ukichiro Nakaya wa Japani alitaka kuona ujenzi wenyewe. Katika chumba cha baridi kali, Chuo Kikuu cha Hokkaido, alipasha maji kidogo. Mvuke ukapanda ndani ya bomba la kioo. Nyuzi za kawaida alizotundika humo ili nyota iote zilimsumbua: ziliota barafu kila mahali, kama kiwavi mwenye manyoya. Mwaka 1936 alifaulu kwa unywele wa sungura. Una vifundo vidogo. Barafu ikaanzia kwenye kifundo, nyota ikapata nafasi ya kutanuka. Mawinguni, chembe ya vumbi ndiyo kifundo. Akacheza na baridi pia: karibu na digrii 15 chini ya sifuri, nyota, karibu na 5, sindano.

Ili kuona mvuke ukiganda nyumbani, vunjavunja barafu ya frigo, changanya na chumvi, sehemu tatu kwa moja, ndani ya mkebe uliokaushwa vizuri nje. Mtoto apumulie ubavu wa mkebe. Muda si mrefu utaota ukungu mweupe: mvuke umeganda. Asiushike kwa mkono wenye maji, ngozi hunata.