Lafudhi na Uimbaji

Wako wasemao kuwa uimbaji ni kipaji cha kuzaliwa nacho, mtu ama anacho ama hana. Kauli hii haielezi kwa nini mtu mmoja, kwa sauti ile ile, huimba vizuri wimbo wa kwao na kuchechemea katika wimbo wa kigeni. Chanzo, naona, ni ulimi kabla ya koo.

Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni. Kina mkazo, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mkazo huo si pambo. Neno barabara likikazwa katika silabi ya tatu ni njia. Likikazwa katika ya pili ni sawasawa. Sasa zitazamwe nyimbo za dini zilizofasiriwa kwa kufuata tuni za Ulaya. Tuni nyingi za Kiingereza huanza kwa noti nyepesi, kisha nzito. Neno baba lina uzito mwanzoni. Likitiwa humo, mwimbaji hulazimika kulikaza mwishoni, na kwaya husikika kama watu wanaojifunza lugha yao upya. Hulaumiwa kwaya, ilhali kosa ni la mfasiri.

Tena iko m ya mtu na mke, iliyo mizani kamili. Mwimbaji wa pwani huishikilia midomo ikiwa imefumbwa. Asiyeizoea huiongezea irabu, au huimeza, mizani ikapungua. (Mutu wa Kongo ni jambo jingine; huko ndiyo lafudhi yenyewe.) Lakini silabi zetu nyingine karibu zote huishia kwa irabu, hivyo sauti ina pa kuvutwa. Siti binti Saad, aliyetiwa sauti katika sahani huko Bombay mwaka 1928, aliitumia vema nafasi hiyo: taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani ilipata kwake makao katika Kiswahili bila kuvunja maneno.

Diana Deutsch na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2006, waliona kuwa wanafunzi wa muziki wa Beijing, wasemao lugha ya toni, waliwapita mbali wenzao wa Rochester, Marekani, katika kutambua noti pasipo noti ya kulinganishia. Wa kusingizia damu wajibiwe na uchunguzi wao wa mwaka 2009: wanafunzi wenye asili ya Asia ya Mashariki wasioimudu lugha ya toni hawakuwa na umahiri huo. Hata hivyo kuitambua noti si kuimba, na hapo ushahidi huo wakoma. Wahaya na Wachaga, ambao lugha zao zina toni, huimba Kiswahili kila Jumapili. Sikio la mchunguzi lielekezwe huko.