Kitabu Juu ya Shule za Maskini

Walimu wenzangu, kipo kitabu cha Kiingereza ambacho yafaa kila mwenye kufundisha watoto wa maskini akisome, ijapokuwa asiyakubali yote yaliyomo. Jina lake ni The Beautiful Tree, yaani Mti Mzuri, na mwandishi wake ni Profesa James Tooley wa Uingereza. Kilichapwa mwaka 2009.

Mwandishi asimulia jinsi mwaka 2000 alivyoingia katika vichochoro vya mji wa kale wa Hyderabad, Bara Hindi, akaona shule nyingi ambazo si za serikali, bali za watu binafsi. Wazazi walipao karo humo ni wavuta rikisho na wachuuzi. Baadaye aliziona shule za namna hiyo Lagos, Accra na Kibera. Kibera peke yake yeye na wenziwe walihesabu shule 76, zenye watoto zaidi ya 12,000. Serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha ondoa karo katika shule zake za msingi Januari 2003, walakini wazazi hao waliendelea kulipa.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba mwandishi hakukaa ofisini. Alitembea kwa miguu, akawasikiliza wazazi, na watoto karibu 24,000 wakapewa mitihani. Aliona kwamba mwalimu wa shule hizo haachi darasa lake ovyo, kwani mwenye shule yu karibu, na mzazi asiporidhika humwondoa mtoto wake. Hapo kitabu chatufundisha jambo kubwa: maskini si mjinga wa haja yake mwenyewe.

Lakini nina neno. Kitabu chasema wazi kwamba walimu hao hulipwa kidogo sana kuliko wale wa serikali, kisha chaihesabu hiyo kuwa faida. Mimi nimefundisha katika shule ya namna hiyo. Mwisho wa mwezi mwenye shule hutazama mlango, akimngojea mzazi mwenye karo, nasi walimu twamtazama yeye. Basi unafuu huo hautoki hewani. Sehemu yake yatoka katika chungu cha mwalimu. Pengine watoka katika ukuta pia. Septemba 2019 darasa la shule moja ya binafsi liliporomoka Nairobi, watoto wakafa.

Dawa ni nini? Mwishoni Tooley aweka tumaini lake katika mikopo, wenye mitaji, na shule nyingi zenye jina moja. Jambo hilo limekwisha jaribiwa. Bridge International Academies ilianza Nairobi mwaka 2009, mwalimu akisoma katika chombo cha mkononi somo lililoandikwa na watu wengine. Sikatai kwamba uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 uliona watoto wa Kenya waliosoma humo wamejifunza zaidi. Lakini Novemba 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliikubali amri ya serikali ya kuzifunga shule zake nchini humo. Mtaji wa mbali waweza kujenga upesi, nao waweza kuondoka upesi, na mtaa usibakiwe na kitu.

Nashangaa kwamba dawa iliyo bora imo katika kitabu chenyewe, nayo mwandishi aipita. Kule Hyderabad wenye shule walikuwa na chama chao. Hata Kenya jambo hili si geni. Katika miaka ya 1930 Wakikuyu walifanya vyama vya shule za kujitegemea, na mwaka 1939 chuo cha walimu kikafunguliwa Githunguri, kwa michango ya watu wasio matajiri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo mwaka 1952. Hazikuanguka kwa kukosa wazazi.

Shule jirani zaweza kufanya vivyo hivyo leo. Shule tano zikinunua vitabu kwa pamoja, bei hupungua. Mwalimu mmoja hodari wa hesabu aweza kuzigawia shule mbili siku zake. Akiba ya pamoja yaweza kulipa mishahara katika miezi ambayo karo haiji. Nao walimu wakuu wakikaguana madarasa na kuta, aibu ya jirani itafanya kazi ambayo mkaguzi wa mbali hawezi. Najua wenye shule watanung'unika, maana kila mmoja amwogopa mwenziwe asimnyang'anye watoto. Lakini shule ikifa katikati ya mwaka, ni nani apataye faida? Mtoto hukaa nyumbani, na mzazi huacha kuziamini zote.

Kisomeni kitabu hiki, ndugu zangu, mkakipe heshima yake. Kimeuona mti, na matunda yake kimeyahesabu vema. Lakini kuutunza ni kazi ya jirani wengi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.