Kichwa Magotini

Kati ya kazi zote za mikono zinazofanyika nyumbani, kusuka nywele za mtoto wa kike ndiyo inayopata sifa haba kuliko zote. Mpishi anasifiwa chakula kikiwa bado cha moto, mshonaji anasifiwa siku ya Idi, seremala ana kitanda chake cha kuwaonyesha wageni. Anayemsuka bintiye kibarazani Jumapili jioni huhesabiwa amemaliza shughuli moja tu katika msururu wa shughuli, sawa na kufua sare au kuvisha madaftari majalada. Hesabu hiyo si ya haki. Kusuka ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, wenye wanaouweza na wanaobahatisha, na tofauti na ufundi mwingine wa nyumbani, huu hufanyika juu ya kichwa cha mtoto mwenyewe, naye yuko macho na anauliza maswali. Saa moja au mbili za kumsuka binti mdogo zina raha kuliko nyakati nyingi tunazowapangia watoto kwa gharama, na raha hiyo haiji kwa bahati. Inatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyo.

Itazamwe basi kazi yenyewe. Unywele wetu wa kipilipili hauna umbo la duara ukikatwa na kuangaliwa kwa hadubini. Ni bapa kidogo, na hujikunja tangu unapochipuka kwenye ngozi. Mafuta ya kichwa hayateremki kirahisi kupitia mikunjo yote hiyo, kwa hiyo ncha hubaki kavu, na penye mkunjo ndipo unywele unapokatika ukichanwa kwa pupa. Msusi anayejua huanza na maji na mafuta ya nazi. Hushika fungu la nywele karibu na mizizi ili mvuto usifike kwenye ngozi, kisha hulichambua kwa chanuo kuanzia nchani, akirudi nyuma kidogo kidogo. Halafu huchora njia kwa mkia wa kitana, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Pale kwenye paji huchukua nywele chache sana, huzigawa mafungu matatu, na kila fungu la pembeni linapopita chini ya lile la kati, kidole huokota nywele kidogo na kuziunga nalo. Ufundi wote umo katika hicho “kidogo”. Akizidisha, mstari unavimba. Akipunguza, nywele zinabaki zimesimama kando. Karibu na sikio njia hupinda, na mkono lazima upinde pamoja nayo bila kulegea. Utosini, nywele zinapoota kwa kuzunguka, anayebahatisha hupotea kabisa. Hakuna rula wala alama ya chaki, na mstari wa nane hutoka na unene uleule wa mstari wa kwanza.

Kama kuna anayeona ninakikuza kitu kidogo, wapo waliokichunguza kwa makini kuliko mimi. Mtafiti wa Marekani Ron Eglash, katika kitabu chake African Fractals cha mwaka 1999, aliiingiza misuko ya Afrika katika mjadala wa jiometri: umbo moja linalorudiwa, likibadilika ukubwa na kugeuka hatua kwa hatua hadi mwisho wa mstari. Baadaye kazi hiyo ilizaa programu ya kompyuta inayowafundisha wanafunzi jiometri kwa kuchora misuko. Na nchini Nigeria, mpiga picha J.D. ’Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kukusanya picha za mitindo ya nywele za wanawake, akaendelea kwa miongo hadi picha zikakaribia 1,000. Wengi aliwapiga kutoka nyuma, kwa kuwa kisogo ndicho kinachoonyesha kazi ya mkono.

Lakini misuko mizuri inaweza kununuliwa. Kisichonunulika ni namna kazi hii inavyowaweka pamoja watu wawili. Mchezo hukatishwa simu ikilia, matembezi huahirishwa, hadithi ya usiku hufupishwa mzazi akisinzia. Kichwa kilichosukwa nusu hakiachwi. Binti hawezi kutoka na upande mmoja umelala na mwingine umesimama, na mzazi hawezi kushika simu kwa kuwa vidole vyote kumi vina kazi na vimejaa mafuta. Tena hawatazamani. Mtoto ameketi mkekani, kichwa magotini, uso wake uko mlangoni au kwa kuku uani, na mtoto asiyetazamwa usoni husema mambo ambayo hayasemi akiitwa na kuulizwa. Hueleza nani alimsukuma kwenye foleni ya uji. Huuliza kama bibi atakufa, kama mwezi hulifuata basi, kwa nini baba hakucheka jana. Maswali ya namna hiyo hayaji kwa kuitwa. Yanahitaji kimya kirefu kwanza, na mistari minane ina kimya cha kutosha.

Mkono nao una mazungumzo yake. Wataalamu wa mishipa ya fahamu wameonyesha kuwa ngozi yenye nywele ina nyuzi maalumu za fahamu zinazoitikia zaidi mguso wa taratibu, wenye mwendo wa kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, na kwamba watu huona mguso huo kuwa wa kupendeza kuliko wa haraka. Kidole kinachopaka mafuta katikati ya mistari ndivyo kinavyokwenda, bila kufundishwa na maabara yoyote. Papo hapo kinachunguza. Mapunye yakianza, chawa wakiingia, kidonda kikifichwa nyuma ya sikio, joto la homa likianza kupanda, wa kwanza kujua ni anayesuka. Mzazi anayemsuka bintiye kila wiki mbili anakijua kichwa hicho kama mkulima anavyojua shamba lake, penye rutuba na penye mawe.

Atasema mtu: wasusi wapo, wanajua kuliko sisi, na mwenye ajira hurudi nyumbani jua limezama. Kuhusu wasusi sina ubishi. Ni mafundi wanaolisha familia kwa vidole vyao, na siku ya harusi au sikukuu, binti akitaka rasta ndefu, wapelekewe wao kwa heshima na malipo kamili. Ila saa za saluni ni za foleni na za televisheni, na mzazi hukaa benchi akingoja. Ninachotetea ni msuko wa kawaida wa wiki, mistari sita ya twende kilioni au mabutu machache ya uzi, kazi ambayo haihitaji mkono wa bingwa. Kwa mtoto mdogo inaweza kukamilika kabla maharage hayajaiva.

Pingamizi zito ni maumivu. Wanawake wengi wakikumbuka kusukwa utotoni hukumbuka machozi, na walioambiwa wavumilie kwa kuwa uzuri una gharama hawana sababu ya kunisikiliza nikiisifu kazi hiyo. Wana haki. Lakini machozi ni dalili ya ufundi mbovu, si sehemu ya ufundi. Vipele vidogo kwenye mizizi, nyusi zilizovutwa juu, mtoto asiyeweza kulala ubavu: hayo yanasema mstari umekazwa kupita kiasi na ufumuliwe usiku huohuo. Madaktari wa ngozi wanaeleza wazi kuwa nywele zikivutwa hivyo mara kwa mara hunyonyoka, hasa kwenye panja na pembezoni mwa paji, na jambo hilo likiendelea miaka huenda zisirudi tena. Anayemsuka mtoto huku akimzaba kofi la bega ili atulie ameshindwa kazi, hata kama mistari imenyooka. Mtoto atulie kwa kuwa ametulizwa, apewe mapumziko, na akisema “inauma” aaminiwe mara ya kwanza.

Wapo pia wanaodhani hii ni kazi ya wanawake tu, kwa hiyo baba akae pembeni. Mila zetu wenyewe zinawapinga. Morani wa Kimaasai hufuga nywele ndefu na kusukana wao kwa wao kwa uvumilivu wa saa nyingi, na hakuna aliyewahi kutilia shaka uanaume wao. Wavuvi wa pwani husuka madema yenye matundu yanayolingana kuliko mstari wowote wa nywele. Filamu fupi ya katuni Hair Love ya Matthew A. Cherry, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2020, inasimulia hasa kisa cha baba anayehangaika na nywele za bintiye, na watu wa mataifa mengi waliielewa bila kufafanuliwa. Baba anayejifunza kusuka hupewa kitu ambacho ada ya shule haiwezi kumpa: saa moja ambayo binti anamhitaji yeye mwenyewe, si mfuko wake.

Ni kweli pia kuwa shule nyingi nchini Tanzania huwataka wasichana wanyoe, kwa hiyo miaka ya kusuka ni michache, na baada yake hubaki likizo. Kwangu hiyo ni sababu ya kuanza mapema. Binti wa miaka minne aweza kushika uzi na kutoa kitana anapoombwa. Wa miaka sita aweza kufumua, na kufumua ni nusu ya kazi, kwa maana anayefumua huona jinsi fungu lilivyopita chini ya fungu, na wapi palikazwa bila sababu. Wa namna hiyo utamkuta uani akisuka majani marefu, kisha nywele za mwanasesere, kisha anamwomba mama aketi chini yeye. Mstari wake wa kwanza utaanza mnene na kuishia mwembamba, utapotea utosini na kutokea mahali pengine. Mama aliyefika hapo hukaa nao hadi zamu ya kufumua ifike, akaenda nao sokoni na kazini.