Mikono Nyuma ya Vijiti

Hapa Soweto ya Mbeya, ambapo wasichana wakirudi kutoka shuleni huchora mistari vumbini wakacheza rede kwa mpira wa soksi hadi waitwe kuteka maji, kriketi ni mchezo wa kusikiwa tu; walakini mwenye kumtazama binti anayedaka upande wa mwisho, ameinama, macho yake yameganda mkononi mwa mwenziwe kabla mpira haujatoka, amekwisha kuona nusu ya kazi ambayo Kevin Awino, aliyekuwa wakati huo mlinda wiketi, yaani mdakaji wa nyuma ya vijiti, na nahodha wa timu ya wanawake ya Uganda, alikwenda nayo Uholanzi mwezi Julai 2018, pale nchi yake, iliyotwaa ubingwa wa Afrika huko Windhoek mwaka 2017, iliposimama miongoni mwa mataifa manane kuwania nafasi mbili za Kombe la Dunia la wanawake la ova 20.

Nusu ya pili ina ugumu wake. Mrushaji akiwa wa kasi, mlinda wiketi hurudi nyuma akaupokea mpira ukiwa umepungua nguvu. Ama mrushaji akiwa wa kuuzungusha mpira kwa vidole, hana budi kusogea hata pumzi ya mpigaji aisikie, maana mpigaji akiutoka mstari wake kwa hatua moja tu, akaukosa mpira, fursa ya kuvivunja vijiti haidumu zaidi ya kufumba na kufumbua. Siri, kwa rai yangu, imo magotini kuliko mikononi: achuchumae asiinuke mpaka mpira udunde, kisha apande pamoja nao, kwani aliyetangulia kuinuka hupitwa chini ya glavu, na aibu hiyo huwa yake. Fauka ya hayo sheria inamkataza kuupokea mpira mbele ya vijiti kabla haujavipita au kumgusa mpigaji au gongo lake. Basi husubiri, ilhali kila mshipa wa mwili unamhimiza aende.

Mpira mgumu kuliko yote kuudaka ni ule upitao upande wa miguu ya mpigaji. Mwili wa mpigaji humziba kama pazia, na kwa muda mfupi mlinda wiketi huwa kipofu kwa hakika, hana dalili ila ile aliyoisoma katika kifundo cha mrushaji; huhamisha miguu kwanza, mikono ifuate, na huo mpira wa wanawake, wenye uzito wa gramu 140 hadi 151, mwepesi kuliko wa wanaume, humtokea ubavuni bila taarifa.

Wako wasemao kwamba kumpa mlinda wiketi kama Awino na unahodha juu yake ni kumtwika mizigo miwili. Sikubaliani nao. Katika watu kumi na mmoja wa timu inayodaka, ni yeye peke yake anayeutazama mpira kwa mstari ule ule autazamao mpigaji. Ndiye wa kwanza kujua kwamba ardhi imeanza kukauka, kwamba mpigaji amesogeza mguu wa mbele kwa inchi moja kwa hofu ya mzunguko, na kwamba mdakaji wa kulia amesimama mbali mno. Nahodha aliye mpakani hupata habari hizo kwa kuambiwa, na zikimfikia, aghalabu ova, yaani zamu ya mrushaji, imekwisha.