Njeo Tatu za Ramani: Kampala Isomwapo London

Chini pembeni mwa ramani ya Google, ukiifungua kwenye kompyuta, pana mstari mfupi wa kipimio ambao wengi hupita bila kuutazama. Msomaji aliye London, ambaye mpenzi wake anaishi Wandegeya, mtaa wa Kampala, angefanya vyema kuanzia hapo, kwa kuwa ndipo makadirio ya Mercator yanapofichua mkono wa mchoraji. Makadirio hayo huitanua ardhi kadiri inavyokuwa mbali na ikweta. Kampala, iliyo chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, huchorwa takribani bila kutanuliwa; London, kwenye digrii 51 na nusu, hutanuliwa mara 1.6. Katika ngazi moja ya ukuzaji, pikseli inayobeba mita 1.2 za Kampala hubeba sentimita 74 tu za London. Mtaa wa anayesoma umepanuka, mtaa wa anayesomwa umesinyaa, na ili nyumba hizo mbili zilingane machoni, huyu wa London sharti aikuze Kampala zaidi ya anavyokuza kwake. Sioni kasoro hapo. Fani yenyewe inamtaka aliye mbali ainame, na msomaji asiyeinama haoni kitu katika maandishi yoyote.

Anayeisoma ramani hii kama masimulizi atagundua mapema kwamba haina umoja wa wakati. Tabaka la setilaiti limeungwa kwa picha za siku mbalimbali, hata vivuli vya kitongoji kimoja vikaweza kulalia magharibi na vya jirani yake vikalalia mashariki. Tabaka la Street View, mwono wa mtaani, huandikwa mwezi na mwaka kwa herufi ndogo, nayo ni njeo iliyopita isiyojificha. Tabaka la tatu halimo hata katika ramani ya Google: ni mahali mubashara panapotumwa kwa WhatsApp, huduma iliyoanza Oktoba 2017, ambayo hunena kwa njeo iliyopo pekee. Chukua Clock Tower, pale magari yatokayo Entebbe yanapoingilia katikati ya jiji. Ujenzi wa barabara za juu ulianza mwaka 2019, na picha za mtaani zilizoutangulia zinaonyesha makutano ya chini tu, anga likiwa wazi juu yake. Mpenzi akipita leo juu ya daraja, huku mwenzake ana picha hizo za zamani upande mmoja wa kioo na nukta hai upande wa pili, basi anaonekana akisafiri hewani. Hakuna tabaka linalosema uongo. Kila moja ni kweli kwa njeo yake. Kazi ya kuziunganisha njeo tatu katika sentensi moja ameachiwa msomaji, na sidhani kama kuna msomaji aliye na ari zaidi ya kuifanya kuliko mtu anayependa.

Umbuji wa Street View, kwa upande wake, umo katika ufutaji. Programu hufifisha nyuso za wapita njia na namba za magari, na kwa ukali usiobagua huweza kufifisha hata nyuso za mabango ya matangazo. Matokeo yake ni Kampala Road iliyojaa miili isiyo na sura: mkao, rangi ya shati, namna mtu alivyobeba mkoba. Aliyetarajia kumkuta mpenzi wake hapo atanyimwa uso, lakini atapewa uwezekano, kwa sababu kila umbo lenye mabega yale linaweza kuwa yeye. Zitazame pia teksi (ndivyo Kampala waitavyo matatu), nyeupe, zenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni. Namba zimefutwa, ila maneno yaliyobandikwa kwenye kioo cha nyuma yamesalimika. Mashine imeamini kwamba utambulisho wa gari ni namba. Abiria wa kila siku huijua teksi kwa maneno yake. Kwa hiyo siri imevuja palepale ilipofungwa, na ni uvujaji wa kupendeza.

Kisha ramani inaishiwa. Gari la kamera haliwezi kupenya njia za miguu za Katanga, bondeni kati ya Makerere na Mulago, na kutoka juu setilaiti huona mabati yaliyobanana tu. Google hujaribu kuziba pengo hilo kwa misimbo yake ya mahali, ambapo eneo la Kampala huanza na 6GGJ, mfumo ulionyimwa irabu kwa makusudi ili usije ukaunda neno. Ni anwani isiyoimbika. Mpenzi hutuma nyingine: shuka steji, mpite muuza rolex, ile ya chapati na mayai, kata kushoto penye kibanda cha pesa za simu, uliza. Maelekezo hayo hayana digrii wala mita, lakini yana mzungumzaji na msikilizwaji. Kila anapoongeza neno juu ya ramani iliyokwama, mpokeaji hupata kitu ambacho wasomaji wengine wote wa ramani hiyohiyo hawanacho, na ukaribu wanaoutafuta wawili hawa umejengeka zaidi katika viongezo hivyo kuliko katika usahihi wa picha.

Nukta hai ina arudhi yake, na arudhi hiyo hukatizwa kutoka nje. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Ndani ya programu yenyewe mshairi amepewa bahari tatu tu: dakika 15, saa moja, au muda wa saa 8. Ule mrefu siupendi. Unamfanya msomaji kuwa mlinzi, na ukishinda na nukta mchana kutwa huna tena cha kuuliza. Dakika 15 ndicho kipimo chenye sanaa, hasa kwa kuwa hakitoshi: jioni ya Ijumaa zitakwisha teksi ikiwa bado imekwama kwenye taa za Wandegeya, na mtu wa London atalazimika kupiga simu aulize umefika wapi.